Robo Milimita

"Leo," alisema Mkuu wa Shule, Mwalimu Kajange, akiinua mikono kana kwamba anapokea kichanga kutoka mawinguni, "katika viwanja hivi vitukufu vya Shule ya Wavulana Ilundika, kaakaa la taifa linapanuka. Mlango uliofungwa kwa miaka thelathini unafunguliwa. Kizazi hiki kitapumua kwa pua. Kizazi hiki kitatafuna. Kizazi hiki..."

Kizazi hiki kikapiga chafya.

Si chote. Walikuwa wavulana kumi na mmoja wa kidato cha pili, wote kwa mpigo mmoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Chafya ya Gwakisa Mwaipaja, mdogo kuliko wote kwa umbo, ilisafiri mbali kuliko zote na kutua kwenye suti ya mgeni aliyetoka mkoani kukagua mpango.

Pembeni mwa Gwakisa alisimama Ambakisye Mwakatobe, mwenye miaka kumi na minne, amekunja uso kwa huzuni ya mtu anayeshuhudia adabu ya nchi yake ikiporomoka. Alimpa mwenzake kitambaa. Alitikisa kichwa. Kama kungekuwa na jeneza karibu angelibeba.

Uchunguzi ulifanyika kabla ya saa nne na hukumu ikatoka kabla ya saa tano: mpishi alikuwa amekaanga pilipili. Mpishi aliapa hajaona pilipili tangu mwezi uliopita. Pilipili ikapigwa marufuku Ilundika hadi mwisho wa muhula, na Ambakisye akarudi darasani akiwa mtu huru, tena mwenye furaha.

Ukweli ni kwamba chafya zile alizisababisha yeye, kwa mdomo wake.

Kila asubuhi, bendera ikishapanda, mwalimu wa zamu alitoa amri: "Shikeni pua." Wavulana arobaini na watatu walibana pua zao kwa vidole viwili, wima, macho mbele, kwa heshima ileile waliyoipa bendera. Kisha kipaza sauti kilitoa mlio wa noti nne, kila noti ikiwa na sauti mbili zinazosuguana kama visu. Ndani ya vinywa arobaini na vitatu kitu kikasema *kt*. Mtekenyo ulipanda kutoka kaakaani hadi katikati ya macho, ukakaa kidogo, ukashuka. Asiyeshika pua alipiga chafya. Kisha wakaenda kusoma hesabu.

Kitu hicho kwenye makaratasi kiliitwa Kipanuzi cha Kaakaa, Aina ya Tatu. Wavulana walikiita buibui, kwa kuwa kilikaa juu kinywani kama buibui darini: kiwiliwili kidogo cha chuma katikati, na miguu minne iliyokumbatia magego. Kila kiliposikia mlio kilijitanua robo milimita, na kaakaa likatanuka nacho, maana mfupa wa mtoto anayekua bado unakubali kushawishiwa. Wazazi wao walikuwa wamezaliwa wakati wa Ukame Mkuu na kulelewa kwa rojo ya kunyonya kwenye mifuko. Taya lisilotafuna halikui, na watoto wao, waliolelewa kwa rojo ileile, wakawa na vinywa vyembamba, meno yaliyobanana kama abiria, na pua ambazo usiku hazikupitisha kitu.

Aina ya Kwanza ilizungushwa kwa ufunguo, na ufunguo alipewa mzazi. Wapo waliosahau. Wapo waliozungusha mara mbili ili kufidia jana. Bibi mmoja aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga akaenda msibani wiki mbili. Ndipo wahandisi wakaamua buibui atii mlio, tena mlio usioweza kuimbwa na binadamu, kwa sababu hakuna koo linalotoa sauti mbili kwa wakati mmoja.

Walifikiria koo. Hawakufikiria mwanya.

Kaakaa likipanuka, meno mawili ya mbele huachana. Ambakisye alimaliza hatua zake muhula uliopita. Muuguzi wa shule akamzibia buibui wake kwa tone la gundi ili asisikie tena kitu, wakingoja mfupa ujae, na kijana akabaki na mwanya ambao njiti ya kiberiti ilipita bila kugusa pembeni. Alijitazama kwenye vijiko. Alitabasamu hata kwa mbuzi. Siku moja, akipiga mluzi bafuni, alisikia hewa ikigawanyika kwenye kingo za yale meno na kutoka sauti mbili zinazosuguana kama visu.

Alihitaji siku tatu kuzipata noti zote nne. Mluzi wake haukufika mbali, hatua tatu au nne tu, lakini ndani ya hatua hizo kila buibui alimtii yeye.

*

"Kavu," alisema Gwakisa.

Ilikuwa alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake cha chini, akipapasa godoro kwa viganja viwili kama mtu aliyedondosha sindano.

"Papasa na huku ukutani," alisema Ambakisye kutoka kitanda cha juu.

"Nimepapasa. Kavu, Amba. Siku ya tisa."

Ambakisye alishuka, akaliweka sikio lake juu ya godoro, akafumba macho kama daktari bingwa. "Mgonjwa anaendelea vizuri," alisema. Gwakisa akacheka, kisha akafunika mdomo.

Katika bweni lile watu wawili tu walijua. Ilundika godoro lililoloa lilibebwa kichwani na mwenyewe, mchana kweupe, hadi kwenye uzio nyuma ya bwalo. Na kaka mkuu, Mwasomola, kijana mwenye sauti ya tarumbeta na muda mwingi, alisimama mlangoni akiuliza, "Idara ya Maji imeripoti?" Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza aliulizwa hivyo wiki tatu mfululizo, akahama shule. Gwakisa hakuwahi kuulizwa. Tangu mwaka uliopita, kila lilipoloa godoro lake, wawili hao waliamka mapema, wakalipandisha juu na kushusha kavu la Ambakisye. Lile lililoloa lilikaukia kitanda cha juu, chini ya blanketi, mahali mkono wa mkaguzi haufiki. Ambakisye alilalia madoa yasiyo yake kwa mwaka mzima na hakumwambia mtu. Inafaa jambo hili lisemwe sasa, kwa sababu mbele hakuna mengi mazuri ya kusema juu yake.

"Muuguzi Subilaga amenieleza," alisema Gwakisa. "Anasema mtoto akikosa hewa usingizini ubongo wake haulali. Mwili unadhani ni mchana, unatengeneza mkojo kama wa mchana. Anasema akifungua pua, anafunga bomba."

"Amesema bomba?"

"Amesema bomba." Akapapasa godoro tena. "Piga moja."

"Moja nini?"

"Ule mluzi. Nyongeza. Nataka nifike haraka, kabla hali haijarudi tena."

Ambakisye alimtazama rafiki yake aliyepiga magoti sakafuni, viganja bado juu ya godoro. Akapiga mluzi. Gwakisa akabana pua. *Kt*.

"Ndaga," alisema Gwakisa, akishukuru kwa lugha ya kwao, na macho yake yakalengwa machozi ya mtekenyo.

Kama Ambakisye angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi, na yeye angekuwa mtu mwema.

Hakuishia hapo. Alipiga mluzi kwenye foleni ya kunawa, majirani sita wakapiga chafya na ndoo ikamwagika. Alipiga wakati wa sala ya chakula, wakati wa kimya cha kuwakumbuka waliokufa kwenye Ukame, na mara mbili katika mtihani wa jiografia. Alijifunza kupiga akiwa ameziba mdomo kwa daftari. Waathirika walibadilika kila siku, huyu leo, yule kesho, isipokuwa mmoja. Gwakisa alikaa naye dawati moja, meza moja bwaloni, na kulala chini yake. Kila utani ulimpitia yeye kwanza. Hata asubuhi Ambakisye akijaribu pumzi tu, kitandani, bila hadhira yoyote, chini yake kitu kilisema *kt*.

"Inauma sasa," Gwakisa alisema siku moja.

"Vumilia. Unadhani mwanya kama wangu unaokotwa?"

Gwakisa akacheka, kwa sababu Ambakisye alikuwa anachekesha. Wala Ambakisye hakusahau kuhesabu. Kusahau ni kwa mtu aliyewahi kuanza.

*

Jumamosi ile Ilundika ilikula mahindi.

Mbegu zilikuwa zimefufuliwa kwenye maabara na kupandwa nyuma ya shule, na hayo yalikuwa mavuno ya kwanza. Mpishi aliyachoma kwenye mkaa huku akilia waziwazi, akasema ni moshi. Kila mvulana alipata nusu hindi. Bwalo lililozoea sauti ya mifuko ya rojo inayonyonywa lilijaa sauti mpya, ya vitu vinavyovunjwa, na hata walimu walinyamaza kusikiliza.

Gwakisa alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko wote. Bibi yake alikuwa amemsimulia tangu utotoni jinsi punje inavyopasuka jinoni na kutoa maziwa. Alilishika hindi lake kwa mikono miwili, akaling'ata kwa meno ya mbele, akavuta punje nane, akaanza kutafuna.

Hazikutafunika. Magego yake ya juu yalishuka nje ya yale ya chini, yakapitana nayo kama watu wawili wanaotaka kupeana mikono gizani na kukosana. Alijaribu upande wa pili. Alisukuma punje kwa kidole. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, na punje zikaanguka kwenye sahani moja moja, nzima, zimelowa, hazina hata alama.

"Gwakisa," aliita Mwasomola kutoka meza ya viranja, "unatafuna au unayaosha uyarudishe shambani?"

Bwalo zima likacheka. Ambakisye naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua ni cha nini, kisha akaona rafiki yake akiokota punje zile na kuzitia mfukoni ili zisionekane.

"Vipi?" alinong'ona.

"Hayakutani."

"Nini?"

"Meno. Hayakutani tena." Gwakisa alilisukuma hindi lake upande wa Ambakisye. "Kula wewe. Likipoa si zuri."

Ambakisye alilila. Hakujua afanye nini kingine nalo. Hilo hindi ndilo alilokuja kulikumbuka kuliko mambo mengine yote, kuliko hata yaliyofuata: kwamba lilikuwa tamu.

*

Muuguzi Subilaga alikuwa mwanamke mfupi asiyepaza sauti. Jumatatu alikiweka kisomeo mdomoni mwa Gwakisa, akasoma namba, akakitoa, akakifuta, akakirudisha, akasoma tena. Halafu akatuma aitwe Mkuu wa Shule, na pamoja naye Ambakisye, kwa kuwa ndiye jirani wa kitanda na huenda ameona kitu.

"Leo alipaswa kuwa na hatua ishirini na nane," alisema. "Ana hamsini na moja."

Mwalimu Kajange alivaa miwani. "Na wengine?"

"Wengine wamezidi mbili, tatu. Niliandika labda kipaza sauti kina hitilafu. Hii si hitilafu. Huyu kuna kitu kinamzungusha."

Aliwasha picha ukutani. Lilikuwa kaakaa la Gwakisa, jeupe, na katikati yake ufa mweusi. "Huu ni mshono, Mwalimu. Mtoto mdogo unafunguka kama zipu. Akikua unajifunga, na ukijifunga mimi sina changu, ni kisu. Wa Gwakisa umebakiza miezi minne. Nikimwacha na buibui wake nitaurudisha nyuma polepole, meno yatakutana, mfupa utajaa. Nikimtoa buibui leo, ndani ya wiki mbili kila kitu kinarudi kilikotoka. Pua, usingizi," akasita, "na mengine."

Gwakisa alitazama sakafu.

"Kijana," alisema Mwalimu Kajange, "umekichezea kifaa mwenyewe?"

Ambakisye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Gwakisa. "Nilijizungusha. Nilitaka mwanya."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ufunguo wa Aina ya Kwanza, unaingia. Niliupata nyumbani. Nimeutupa chooni."

Mkuu wa Shule alipumua kwa nguvu. Hakuwa mtu katili, alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilibandikwa kwenye mlango wa zahanati kwa wino mwekundu: atakayechezea kifaa atavuliwa, kifaa kitapewa mwingine aliye kwenye orodha, naye atarudi kwao. "Ijumaa," alisema. "Gari la barua likipita."

Usiku ule na siku zilizofuata Ambakisye aliitisha kikao kizito ndani ya kichwa chake. Mwenyekiti alikuwa yeye. Ajenda ya kwanza: mluzi ukijulikana, vipanuzi vyote arobaini na vitatu vitazimwa hadi ije Aina ya Nne, na wapo ambao mshono wao hautangoja. Je, ni haki mmoja aokolewe na wengine waumie? Kikao kilipiga makofi. Ajenda ya pili: Gwakisa mwenyewe aliomba. Aliomba moja, ndiyo, lakini aliomba. Ajenda ya tatu haikusomwa kwa sauti. Mwanya wa Ambakisye ulikuwa unajifunga. Kila mtu huwa hivyo, meno hurudiana yenyewe baada ya miezi kadhaa. Jumanne njiti ya kiberiti ilipita kwa kusukumwa. Jumatano haikupita. Wiki moja zaidi na hakuna mtu duniani angeweza kuthibitisha lolote, hata yeye mwenyewe.

Alhamisi alimkuta Gwakisa bombani, anafua soksi za safari.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ungesema wewe, wangeuliza ulinipigia wapi." Gwakisa aliongea taratibu, maana maneno mengine yalimponyoka pembeni na hewa. "Kitandani. Saa ngapi? Alfajiri. Mlikuwa mnafanya nini alfajiri? Halafu Mwasomola angepanda juu kuangalia." Akakamua soksi. "Na wewe hujawahi kusema, Amba. Mwaka mzima. Hata ukiwa na hasira na mimi. Mimi nimewahi kukufanyia nini?"

Ambakisye alichukua soksi nyingine, akaanza kuikamua.

*

Ijumaa kaka mkuu Mwasomola na Ambakisye walipewa kazi ya kubeba tranka la Gwakisa. Walilitua mlangoni mwa zahanati. Mwasomola akaenda kumwita Mkuu wa Shule aje kuweka saini. Ambakisye akakaa kwenye benchi la ndani kusubiri.

Gwakisa alikuwa kwenye kiti, kichwa nyuma. Muuguzi Subilaga alikuwa amewapa mgongo, akipanga koleo na visuguo kwenye sinia. Mezani kwake palikuwa na taya la plasta, lenye buibui wa kufundishia, ambalo aliwaonyesha wazazi kila mwanzo wa mwaka. Ukutani ile picha ya mshono ilikuwa bado inawaka.

Kuna watu wakiogopa hutetemeka. Ambakisye akiogopa mdomo wake ulifanya kazi peke yake. Aliutazama ule ufa mweusi, akafikiria miezi minne, akafikiria lile hindi, na hewa ikaanza kupita kwenye kile kijia kilichobaki kati ya meno yake, nyembamba, dhaifu, karibu isisikike. Noti ya kwanza. Ya pili.

Kwenye kiti mkono wa Gwakisa ulipanda wenyewe na kubana pua.

Ya tatu. Ya nne.

*Kt*, lilisema taya la plasta mezani. *Kt*, ulisema mdomo wa Gwakisa.

Muuguzi Subilaga hakugeuka. Mbele yake palikuwa na kioo cha kabati la dawa, na ndani ya kioo palikuwa na mvulana aliyebana pua bila kuamriwa, na nyuma yake mwingine aliyeganda na midomo imekunjwa kama anapuliza chai.

"Rudia," alisema.

"Kurudia nini, Mama?"

"Mwanangu, plasta haina mapepo." Akageuka, akalichukua lile taya, akaja kuliweka mapajani mwa Ambakisye. "Na huyu hakushika pua kwa sababu anakupenda. Ameishika kwa sababu amezoea. Rudia."

Ambakisye alilishika taya kwa mikono miwili. Mlangoni viatu vilisikika. Mwalimu Kajange aliingia akiwa na kalamu mkononi, na nyuma yake Mwasomola, masikio yamesimama.

"Tumalize, gari limefika," alisema Mkuu wa Shule.

"Gari lingoje," alisema Muuguzi. "Huyu ana la kusema."

Ambakisye alisimama na taya la plasta mikononi. Hotuba ilikuwepo tayari, yeye ni mtu wa kuwa nayo tayari siku zote. "Mheshimiwa Mkuu wa Shule," alianza, "katika historia ndefu ya shule yetu hii tukufu, hutokea wakati ambapo..." Akamwona Gwakisa akimtazama kutoka kwenye kiti, mdomo wazi kidogo, kwa kuwa haukuweza tena kufungika vizuri. Hotuba ikaondoka.

"Ni mimi," alisema. "Hakuna ufunguo. Napiga mluzi kwa huu mwanya, na unawazungusha."

Alipiga. Taya la plasta likasema *kt* mikononi mwake. Gwakisa alikuwa ameshabana pua. Mwasomola, ambaye naye alikuwa na buibui, alipiga chafya ya ajabu juu ya kalamu ya Mkuu wa Shule.

Mkuu wa Shule aliipangusa kalamu.

"Mara ngapi?" aliuliza Mwalimu Kajange.

"Sijui, Mwalimu. Sikuhesabu." Hakuna alichowahi kusema kilichomwunguza ulimi kama neno hilo. "Ilikuwa inachekesha, sikuhesabu."

"Zimezidi ishirini na tatu," alisema Muuguzi. "Ukiacha za leo."

"Basi ni hizo. Zote zangu."

"Moja nili..." alianza Gwakisa.

"Zote."

Mwalimu Kajange alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alipoongea hakuwa anamwambia Ambakisye. "Gwakisa. Ulikuwa tayari kufukuzwa kwa kosa la mtu mwingine. Kwa nini?"

Uso wa Gwakisa ulipauka kama plasta. Alifungua mdomo, akaufunga nusu. Mwasomola alisogea hatua moja mbele ili asikose neno, na Ambakisye aliona kabisa jinsi bwalo litakavyokuwa saa ya chakula cha mchana, na kesho, na hadi kidato cha nne.

"Kwa sababu ananistahi," alisema Ambakisye. "Mimi ni kikojozi."

Hakuna aliyepumua, si kwa pua wala kwa mdomo.

"Tangu kidato cha kwanza. Tunaamka alfajiri ananisaidia kugeuza godoro. Aliogopa mkinichunguza mimi mtalikuta." Aligeuka kwa Mwasomola, maana ndiye aliyehitaji kusikia vizuri. "Kitanda cha juu. Inua blanketi. Madoa yako upande wa ukutani."

Yalikuwepo. Angeweza kuyachora kwa kumbukumbu.

Mkuu wa Shule alimgeukia Muuguzi. Faili la Gwakisa lilikuwa wazi mezani, na ndani yake, kwa mwandiko wa Muuguzi mwenyewe, umeorodheshwa usiku baada ya usiku, ulioloa na mkavu. Muuguzi Subilaga aliutazama ukurasa ule. Kisha alimtazama Ambakisye kwa muda mrefu, na kijana akajua kwamba amekamatwa mara ya pili ndani ya dakika tano, na kwamba safari hii mkamataji hana haraka.

"Ni kweli?" aliuliza Mwalimu Kajange.

"Mambo ya magodoro ni ya zahanati, Mwalimu," alisema, akalifunga faili. "La mluzi ndilo la kwako."

Akalichukua koleo kwenye sinia na kulirudisha kabatini. Gwakisa alilifuata kwa macho hadi mlango wa kabati ulipofungwa, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mwasomola, rudisha tranka bwenini," alisema Mkuu wa Shule. Kaka mkuu alitoka mbio, na kabla hajafika kwenye kona ya jengo sauti yake ya tarumbeta iliingia kupitia dirishani: Idara ya Maji ilikuwa imepata mkurugenzi.

Ambakisye aliisikia. Masikio yalimchoma moto, shingo, hadi mgongoni. Alikuwa amedhani aibu ya kujitwika ingekuwa nyepesi kuliko ile ya kweli. Ilikuwa na uzito wake, na ilikaa juu ya ile nyingine bila kuipunguza.

Mwalimu Kajange alivuta kiti, akakaa, akafungua daftari la nidhamu ukurasa mpya. "Gari liondoke," alisema. "Vifaa vyote nitavizima leo, na barua kwa wazazi arobaini na watatu utaziandika wewe, kwa mkono, kila mmoja aambiwe kwa nini mwanawe anangoja. Sasa anza mwanzo. Mluzi wa kwanza kabisa. Lini, wapi, na nani aliumia."

Ambakisye alilitazama taya la plasta mikononi mwake, na mwanya wake mdogo katikati.

"Ilikuwa siku ya mgeni, Mwalimu," alisema. "Ulikuwa unahutubia. Ulikuwa umefika kwenye kizazi hiki kitatafuna." Akaliweka taya mezani. "Mpishi alisema kweli. Hakukaanga pilipili."